Kwantamu na koini zako: jinsi ya kuangalia kama uko wazi, na cha kufanya ukikuta uko wazi

Wakuu, kila ikitangazwa chipu mpya ya kompyuta ya kwantamu, zile zinazopiga hesabu kwa sheria za fizikia za chembe ndogo, inbox yangu inajaa, oya vipi Bitcoin ndo basi tena, niuze? Desemba 2024 Google walipotoa chipu yao Willow ya kyubiti 105 (kyubiti ndo biti ya kompyuta ya kwantamu) kuna jamaa aliniamsha saa tisa usiku, anataka ahamishie kila kitu kwenye koini fulani ambayo katumiwa linki yake, nikamwambia lala kwanza kesho tutaongea. Tukaongea, na yale niliyomwonyesha kesho yake ndo nayaandika hapa ili nisirudie kwa kila mtu. Sitakwambia usiwe na wasiwasi wala sitakwambia kimbia, nakuonyesha pa kuangalia, na ukishaangalia utajua mwenyewe uko upande gani. Kama koini zako ziko waleti moja ni kazi ya dakika kumi hivi.

Kwanza tunyooshe kitu kimoja maana watu wanachanganya. Utasikia kwantamu "itafungua" Bitcoin, itafungua nini sasa? Hakuna kilichofungwa pale, kila muamala tangu Januari 2009 uko wazi, mtu yeyote anausoma. Kinacholinda hela yako ni saini. Una ufunguo wa siri, ambao ni namba kubwa tu, na kutokana na hiyo namba unatengenezwa ufunguo wa umma kwa hesabu za mkunjo unaoitwa secp256k1. Kutoka wa siri kwenda wa umma ni rahisi, kompyuta inafanya hata hujapepesa jicho, ila kurudi nyuma kutoka wa umma kwenda wa siri kompyuta za kawaida zitakesha mpaka jua lizime. Mwaka 1994 Peter Shor akaonyesha kwamba kompyuta ya kwantamu kubwa ya kutosha, yenye makosa machache, hiyo njia ya kurudi inaipita. Ndo ishu nzima hiyo. Mwenye hiyo mashine akiuona ufunguo wako wa umma anapata wa siri, anasaini kama wewe, na mtandao haumkatai maana saini yake na yako haina tofauti yoyote.

Sasa ona hapa. Anwani nyingi za Bitcoin siyo ufunguo wa umma wenyewe, ni heshi yake, yaani ufunguo umepitishwa kwenye hesabu mbili za kusaga, SHA-256 alafu RIPEMD-160, umesagwa kabisa. Hesabu za Shor hazina la kufanya na heshi. Kuna nyingine ya Lov Grover ya mwaka 1996, hiyo inaharakisha kutafuta lakini haifanyi miujiza, heshi ya biti 160 inakubakizia hatua kama 2 kwa kipeo cha 80, tena za kufuatana moja baada ya nyingine. Na wale wanaouliza kuhusu uchimbaji, yaani ile kazi ya kompyuta kuthibitisha miamala na kulipwa koini, ni hivo hivo, mashine za wachimbaji za leo ni za haraka mno na za bei nafuu kiasi kwamba Grover hapo si tishio la kukukosesha usingizi. Tuachane nayo.

Kwa hiyo swali la kwako wewe siyo "kwantamu inakuja lini", hilo waachie wanafizikia wagombane. Swali ni: ufunguo wako wa umma ushaanikwa au bado?

Lakini najua bado mtauliza lini, basi chukueni hizi mbili. Mwaka 2019 watafiti Craig Gidney na Martin Ekerå walipiga hesabu kwamba kuvunja RSA ya biti 2048, mfumo mwingine wa kulinda siri mtandaoni, kungetaka kyubiti milioni 20 kwa masaa 8. Mei 2025 huyo huyo Gidney akarudi na hesabu mpya, chini ya milioni moja, kazi ya chini ya wiki. Umeiona hiyo? Namba imeshuka mara 20 kwa miaka sita na hakuna aliyegusa mashine, ni watu wamekaa na kalamu wakaboresha mbinu. Na mkunjo wetu wa biti 256 kwa kwantamu ni laini kuliko hiyo RSA. Upande mwingine Willow ina 105, siyo laki, mia na tano. Kati ya 105 na laki kadhaa kuna safari ndefu, ila anayekuambia haitafika kabisa naye anabahatisha tu. Serikali ya Marekani kupitia NIST, taasisi yake ya viwango, imependekeza saini za aina hii ziachwe kabisa ifikapo 2035, hao siyo watu wa kukurupuka.

Haya, twende kazini.

Anza na herufi za mwanzo za anwani yako. Ikianza na 1 au na bc1q ni heshi, uko nyuma ya pazia, kwa sasa. Ikianza na 3 nayo ni heshi ila ya skripti, yaani masharti ya kutumia hizo koini, inaweza kuwa waleti ya kawaida au ya watu kadhaa wanaosaini pamoja, kanuni ni ile ile. Ikianza na bc1p hiyo ni Taproot, aina mpya ya anwani iliyoingia Novemba 2021, na hapa wengi wanashangaa: Taproot imeweka ufunguo wa umma wazi ndani ya anwani yenyewe. Ndiyo, ile mpya zaidi ndo iko wazi zaidi kwenye hili suala. Kuna sababu nzuri za faragha na za kupunguza ukubwa wa miamala, waliojenga walijua wanachofanya, lakini kama unahifadhi kwa miaka kumi ijayo bila kugusa mi ningechagua bc1q. Alafu kuna zile za kale kabisa za 2009 na 2010 ambapo zawadi ya kuchimba ililipwa moja kwa moja kwenye ufunguo wa umma bila heshi, humo ndo zimo koini zinazosemwa ni za Satoshi, muasisi wa Bitcoin, inakadiriwa kama milioni moja hivi. Hizo ziko uchi toka zizaliwe. Siyo zako wala zangu, tuendelee.

Hatua inayofuata ndo ya maana kuliko zote. Nakili anwani yako, fungua eksplora yoyote ya blokucheini, yaani tovuti ya kusomea daftari la miamala yote, ibandike. (Ukifanya hivo mwenye eksplora anajua IP fulani inaulizia anwani fulani, kama hilo linakukera tumia nodi yako mwenyewe, yaani kompyuta yako inayotunza hilo daftari, au pitia Tor, mtandao wa kuficha IP.) Usiangalie salio kwanza, angalia kama anwani hiyo imewahi KUTUMA. Kupokea hata mara mia hakufichui chochote. Kutuma mara moja tu kunafichua kila kitu, maana ukituma lazima uonyeshe ufunguo wa umma ili nodi zihakiki saini yako.

Kama haujaniamini fungua muamala mmoja uliotuma, bonyeza pale pa kuonyesha undani, nenda upande wa kushoto kwenye ingizo. Kwa anwani ya bc1q fupi utakuta mistari miwili ya herufi na namba zisizoeleweka. Ule mrefu unaanza na 3044 au 3045, hiyo ni saini. Wa chini yake ni mfupi, una herufi 66 kamili, unaanza na 02 au 03. Hesabu kama huamini. Huo mstari mfupi ndo ufunguo wako wa umma, umelala pale mbele ya dunia nzima na hauwezi kufutwa. Mimi siku ya kwanza kuuona wa kwangu nilikaa kimya kidogo, maana ilikuwa anwani niliyowapa watu karibu miaka minne, kila anayeniomba anwani nampa ile ile, na waleti niliyokuwa natumia enzi hizo ilikuwa na tabia ya kurudisha chenji kwenye anwani ile ile iliyotuma. Kwa hiyo natuma kidogo, kilichobaki kinarudi pale pale ambapo ufunguo umeshaanikwa. Nilikuwa naweka hela kwenye kabati la kioo alafu najisifu nina kufuli.

Ndo maana kanuni ni hii: tatizo siyo kutuma, tatizo ni kubakiza. Ukituma zote na anwani ikabaki sifuri, ufunguo uliofichuka haulindi kitu, aufanyie nini mtu? Ukibakiza au ukipokea tena pale pale, hapo ndo umejiweka dirishani.

Sasa kuna mianya ambayo eksplora ya Bitcoin haitakuonyesha, na hapa wengi wanaokuambia "mi sijawahi kutuma" wanakosea.

Wa kwanza ni wa wakongwe. Tarehe 1 Agosti 2017 Bitcoin Cash ilijitenga, kila aliyekuwa na Bitcoin akajikuta na Bitcoin Cash kiasi kile kile kwenye ufunguo ule ule. Wengi wakaziuza zile za bure fasta. Kama uliziuza na Bitcoin hukuzigusa, ufunguo wako wa umma uko kwenye blokucheini ya Bitcoin Cash umetulia, na ni ule ule. Bitcoin yako inaonekana haijatuma kamwe kumbe imeshaanikwa nyumba ya jirani.

Wa pili, kusaini ujumbe. Kuna huduma zinakuomba usaini maneno fulani kuthibitisha anwani ni yako. Kutokana na saini na ule ujumbe ufunguo wa umma unapatikana kwa hesabu. Kama uliibandika mahali pa wazi basi ndo hivo.

Wa tatu ni xpub, na huu ndo mbaya zaidi. Ni ule mstari mrefu unaoingiza kwenye programu ya kuangalia salio bila kuweza kutuma, watu wanaugawa kwa programu za kodi, za mahesabu, huku wanasema hauna madhara maana hautumi hela. Kwa leo ni kweli hautumi. Ila humo ndani kuna ufunguo wa umma mzazi, mwenye kwantamu akiupata huo anapata wa siri wa mzazi na kushuka kwa watoto wote, anwani zote, hata ambazo hujawahi kuzitumia. Kwa hiyo kama uliwahi kumpa mtu xpub hesabu hiyo akaunti nzima iko wazi kwake, na kwa yeyote atakayeiba kanzidata yake.

Ukikuta uko wazi, unahama. Siyo usiku huu, hakuna mashine duniani leo inayoweza kukuibia kwa njia hii, kwa hiyo subiri siku foleni ya miamala imepungua, mara nyingi wikiendi, ulipe ada ndogo. Tengeneza akaunti mpya ndani ya waleti yako, au kama xpub ilishatoka tengeneza waleti mpya kabisa yenye maneno mapya (yale 12 au 24 ya kurejeshea waleti), yaandike kwenye karatasi, futa waleti, irejeshe kwa yale maneno uone kama anwani zinarudi zile zile. Hiyo hatua ya kurejesha usiiruke tafadhali, nimeona watu wamepoteza hela kwa karatasi iliyoandikwa vibaya, na hao hawakuhitaji kwantamu kuwaibia. Ikirudi sawa, chukua anwani mpya ya bc1q, tuma kiasi kidogo, subiri ithibitishwe, alafu tuma kilichobaki chote. Chote, tumia kile kitufe cha kutuma salio zima, usiache makombo.

Na hapa kuna kosa ambalo jamaa yangu yule alitaka kulifanya nikamshika mkono. Baada ya kupokea kwenye anwani mpya alitaka "ajaribu kama inatuma". Akijaribu kutuma kutoka pale anafichua ufunguo wa anwani aliyoihamia, tunarudi mwanzo. Kama unataka jaribio la kutuma, lifanye kwenye anwani nyingine ya waleti hiyo hiyo, namba mbili au tatu, uimalize iwe sifuri, na hela kubwa iende kwenye ambayo haijaguswa. Kama koini zako zimesambaa anwani nyingi jua pia kwamba ukizikusanya kwenye muamala mmoja unawaambia watazamaji kwamba zote ni za mtu mmoja. Faragha na kwantamu vinavutana hapo, chagua kinachokuuma zaidi, mi nilizihamisha moja moja kwa wiki tatu.

Baada ya hapo ni tabia tu: kila anayekulipa mpe anwani mpya, na hakikisha waleti yako inapeleka chenji kwenye anwani mpya. Nyingi za siku hizi zinafanya hivo zenyewe, ila angalia kwenye seting.

Wa Ethereum msicheke, kwenu ni kugumu zaidi. Anwani yako ni kipande cha mwisho cha heshi ya ufunguo wa umma, baiti 20, kwa hiyo akaunti iliyopokea tu bado imefichika. Ila mfumo ni wa akaunti, hakuna chenji, ukituma mara moja ufunguo unapatikana kutokana na saini na salio lako linabaki pale pale milele. Hata kuidhinisha tokeni ni kutuma, hata kubadilishana ni kutuma. Kwa hiyo anayetumia Ethereum kila siku yuko wazi, hana ujanja, cha kufanya ni kutenganisha: akaunti moja ya mizunguko yenye kiasi kidogo, nyingine ya akiba ambayo haijawahi kusaini kitu chochote. Machi 2024 Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, aliandika jinsi mtandao unavyoweza kurudishwa nyuma na kuokoa watumiaji wengi kwantamu ikija ghafla, kwa hiyo wamelifikiria, lakini mi akiba yangu siiweki kwenye mpango wa dharura wa mtu. Mtandao mwingine, Solana, ndo kabisa, anwani yenyewe ndo ufunguo wa umma, hakuna pazia, hapo unasubiri mtandao wenyewe ubadilike.

Kama koini zako ziko kwenye eksichenji, yaani kampuni ya kununua na kuuza koini inayokutunzia, haya yote hayakuhusu moja kwa moja, funguo siyo zako. Waulize wana mpango gani, wakikujibu kwa maneno matamu bila kitu, umepata jibu.

Sasa matapeli, na naomba hapa usome polepole, maana leo hii anayeweza kukupiga ni huyu, siyo mwenye maabara. Anakuja na "apgredi waleti yako iwe salama dhidi ya kwantamu", anakupa ukurasa mzuri, nembo zote ziko, alafu sehemu fulani kuna kisanduku cha kuandika maneno yako 12 au 24. Ukiyaandika umekwisha, tena kwa kompyuta ya kawaida, simu tu inatosha. Hakuna uhamisho wowote wa kweli, leo wala kesho, utakaokuomba uandike hayo maneno kwenye tovuti. Kuhama ni kutuma muamala kutoka waleti yako kwenda anwani yako nyingine, basi.

Ndugu yake ni yule wa "koini isiyovunjika na kwantamu". Zipo miradi ya kweli kwenye hilo, QRL kwa mfano inafanya kazi tangu 2018 kwa saini za heshi. Lakini neno "salama dhidi ya kwantamu" peke yake halina uzito. Mwaka 2022 kulikuwa na SIKE, mbinu iliyofika mbali kwenye mashindano ya NIST, watu wazito wanaiamini, Wouter Castryck na Thomas Decru wakaivunja kwa kompyuta ya kawaida, kiini kimoja cha prosesa, kama saa moja hivi. Iliyotengenezwa kuzuia mashine ya kesho imepigwa na mashine ya jana. Kwa hiyo anayetaka uhamishie akiba yako yote kwenye kitu cha miezi sita, mwulize imepimwa na nani na kwa muda gani.

Ndo maana nawaelewa wanaojenga Bitcoin wanapokwenda taratibu, japo mi naona wanajikongoja kupita kiasi. Agosti 2024 NIST walitoa viwango rasmi, vya saini ni ML-DSA na SLH-DSA, kwa hiyo zana zipo. Shida ni ukubwa. Saini ya Taproot ni baiti 64. Ya ML-DSA ndogo kabisa ni baiti 2420, ya SLH-DSA ndogo kabisa ni 7856. Jaza bloku kwa hizo uone miamala mingapi itabaki na ada itakuwaje. Kuna pendekezo linaitwa BIP-360 la aina mpya ya anwani, linajadiliwa, na nyuma yake kuna ugomvi mkubwa zaidi kuhusu zile koini za kale zilizo uchi: zigandishwe ili mwizi asizichukue, au ziachwe maana kugandisha hela ya mtu ni kuvunja ahadi ya Bitcoin yenyewe? Jameson Lopp, mtu wa siku nyingi kwenye usalama wa Bitcoin, na wenzake wametoa pendekezo la kugandisha mwaka 2025 na watu wakachachamaa. Mi niko upande wa kugandisha, kwa shingo upande, ila sitabishana na mtu kwenye hilo.

Kwako wewe maana yake ni kwamba itakuja siku utaambiwa hamia anwani ya aina mpya, na utakuwa kwenye foleni na mamilioni ya wengine. Siku hiyo subiri mpaka waleti unayoijua iwe na hiyo anwani ndani ya toleo lake rasmi, jaribu kwa kiasi kidogo, alafu hama kama ulivyohama leo.

Yule jamaa wa saa tisa usiku tulimkagua. Bitcoin yake ilikuwa haijawahi kutuma hata mara moja, akaanza kutamba, nikamuuliza zile Bitcoin Cash za 2017 ulizifanyia nini. Akanyamaza. Aliziuza akanunulia laptopu. Jumapili ile ile tukahama, ada ikawa ndogo tu, na linki aliyotumiwa tukaifuta bila kuifungua.